Mbuzi Aliyefungwa Kando ya Saa ya Atomu

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani. Asanteni, nimeitundika sebuleni, lakini inachelewa, na mtu aliyekaa miaka jirani na saa ya atomu hadanganyiki kirahisi. Silalamiki. Naanzia hapo kwa sababu siku ile ya kuagana, Kiptoo wa kitengo cha mitambo alinionyesha kwenye simu yake habari za kompyuta za aina mpya, zinazoshika atomu za rubidi moja moja kwa miale ya mwanga na kuzifanyisha hesabu. Alidhani nitashangaa. Mimi nikacheka mpaka nikashika meza, naye akaona labda huyu mama amezeeka kweli. Nikamwambia mimi na rubidi tulijuana Garissa kabla yeye hajazaliwa, na kwamba nitaeleza nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Nani alipandishwa na nani alirukwa mtaulizana wenyewe kwenye chai.

Nilianza kazi katika kituo cha simu cha Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni wa hapa hapa. Baba alikuwa na duka la nguo karibu na soko la mifugo, akanisomesha mpaka chuo cha ufundi, nikarudi na cheti na abaya mpya. Siku ya kwanza mlinzi alinizuia langoni, akaniambia kwa Kisomali kwamba wanaokuja kulipia simu wanapitia mlango ule mwingine. Nilipomwambia mimi ndiye fundi mpya, aliangalia nyuma yangu kumtafuta huyo fundi, kisha akafungua lango kwa masikitiko.

Ndani nilimkuta Fundi Mutua, Mkamba wa Machakos, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuwa amekaa Garissa miaka mingi hata akayapenda maziwa ya ngamia, ingawa hakukubali kamwe kwamba joto la hapa ni joto la kawaida. Kila mchana alilisema kana kwamba limeanza leo. Hakunipa hotuba ya kunikaribisha. Alinipa brashi ya waya.

"Sahra, kazi ya simu inaanzia kwenye betri," akasema. "Umeme wa mji huu una tabia zake. Ukipotea, watu wote wanaongea kwa betri hizi."

Betri zenyewe zilikuwa kwenye chumba cha nyuma, kubwa, za risasi na asidi, zimepangwa kwenye rafu za chuma kutoka chini hadi kifuani. Kazi yangu ilikuwa kuziongezea maji ya betri, kukwangua ule ukoko mweupe unaoota kwenye vichwa vyake, na kupaka grisi. Niliukwangua ukiwa mkavu, kisha nikapuliza vumbi kwa mdomo ili nione kama chuma kimeng'aa. Hakuna aliyeniambia nisifanye hivyo. Na kwa kuwa kile chumba kilikuwa na kuta nene na dirisha dogo, ndicho kilikuwa na ubaridi kuliko vyote, ukiacha chumba cha mitambo ambako huruhusiwi hata kumeza mate. Basi nikawa nakula humo mchana, anjera zangu, zile chapati zetu laini, na chupa ya chai, mgongo ukutani, mimi na betri.

Mutua yeye akishika betri alinawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu anayetawadha. Nilikuwa namtania. "Fundi, umesilimu lini na hukutuambia?" Naye alijibu hivyo hivyo siku zote: "Asidi inakula shati, binti." Nikaona ni usafi wa Wakamba tu.

Mwaka nilioolewa likaja sanduku. Lilikuwa dogo, ungeweza kulibeba kwapani, limepakwa rangi ya kijivu, na ubavuni limechorwa ile alama ya atomu, kitone kimezungukwa na vijizingo. Kituo kilikuwa kimebadilishiwa mitambo. Sauti ya mtu sasa ilikatwakatwa ikawa tarakimu, na tarakimu za Garissa lazima zitembee hatua moja na za Nairobi, la sivyo maneno yanapotea njiani na faksi inatoka imechanikachanika. Kazi ya sanduku ilikuwa kushika mwendo huo hata njia ya Nairobi ikikatika. Ilikuwa saa, ila haina mishale. Ina taa moja ya kijani. Taa ikiwaka, kunywa chai.

Nilimuuliza Mutua atomu zinahusikaje na saa. Alikuwa amepelekwa mafunzoni kwa ajili ya kile kisanduku, kwa hiyo alifurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba ndani kuna kichupa cha kioo kama kidole gumba, na ndani ya kichupa kuna mvuke wa madini laini yaitwayo rubidi. "Atomu zake hazina chaji," akasema. "Hazivuti, hazisukumi. Kila moja iko tu, inajishughulikia yenyewe. Na ina hali mbili inazoweza kukaa. Ukiipigia mawimbi ya kiasi barabara, inageuka kutoka hali hii kwenda ile. Ukikosea kidogo, haikujibu. Kwa hiyo sanduku linauliza, linasikiliza, linajirekebisha, siku nzima." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulisahau: kwamba atomu hizo zote ni sawa kabisa, ya huku na ya Japani, huwezi kuijua moja kwa nyingine. Kiptoo, zile hali mbili ndizo hizo hizo mnazoziita leo sifuri na moja kwenye kompyuta zenu mpya. Hamkuzivumbua nyinyi.

Kosa langu lilikuwa kwenda nyumbani na kujisifu. Nilikuwa nimeolewa na Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye nusu ya mwaka alikuwa juu ya lori kati ya Eldas, Bute na Kutulo akinunua mbuzi na ngamia. Nilibaki na mama yake, Hooyo Dahabo. Alizaliwa kwenye malisho ya Eldas na alihamia mjini baada ya kufiwa, na mbuzi wake wachache akahama nao. Nikamweleza kwa maringo kwamba ninatunza saa ya atomu. Akaacha kukoroga chai.

Nyinyi wa leo lazima mwelewe neno hilo lilivyosikika kwetu. Atomu tuliijua redioni, na redioni ilikuwa bomu. Tena siku hizo kulikuwa na uvumi kwamba wageni wanaleta sumu za nchi zao na kuzizika jangwani kwetu usiku. Ngamia akikohoa Mandera, watu wanasema ni ile sumu. Na mimi nimeingia nyumbani na kusema ninakaa nayo chumba kimoja.

Mimba yangu ya kwanza ikaharibika. Tulilia, tukasema ni mipango ya Mungu. Ya pili ilifika mahali ambapo nilikuwa nimeshaanza kusikia mtoto akicheza, nayo ikaharibika. Sitayaeleza hayo zaidi. Nitasema tu kwamba nilirudi kazini kwa sababu nyumbani kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake kikinisubiri, na nilikula anjera zangu kwenye chumba cha betri nikiwa sitaki kuonwa na mtu. Hooyo Dahabo hakunilaumu kwa mdomo. Aliangalia tu begi langu la kazi kila asubuhi.

Nilipopata ya tatu, alinifuata kituoni. Mlinzi alimfungulia bila kumuuliza kitu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mutua, na akamsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe ndio mkubwa ya hii mashine?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Hii atomu nafanya nini kwa mimba?"

"Haifanyi chochote, mama. Si ile ya bomu. Hii imetulia."

"Wewe najua aje? Wewe umebeba mimba?"

Mutua akamvutia kiti. Akajaribu kumweleza habari za chaji, za kichupa, za atomu zilizo sawa zote. Hooyo akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Iko na chapa ya nani?" akauliza.

"Hazina chapa, mama. Haziwezi kupigwa chapa, zote ni moja."

"Mnyama haina chapa, hiyo ni ya wizi," akasema Hooyo, na mjadala wa sayansi ukaishia hapo.

Kisha akanigeukia na kusema kwa Kisomali jambo alilokuja kusema. Alikuwa na mbuzi mweupe aitwaye Adey, mwenye mimba. Atamfunga kando ya hilo sanduku, alale hapo na kuamka hapo. Adey akizaa salama, mimi nibaki na kazi yangu na yeye atanyamaza mpaka kaburini. Adey akitupa mimba, ninarudi nyumbani siku hiyo hiyo. "Binadamu anaweza kudanganywa na mshahara," akasema. "Mbuzi halipwi."

Mngetarajia niseme niliona haya mbele ya bosi wangu. Sikuona. Niliogopa. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeshika kitabu cha maelezo kilichokuja na sanduku na kukipekua chote, na hakuna mahali kilipoandika neno mimba, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Nilimwamini Mutua, ila Mutua hakuwa na tumbo lililokuwa na mtu ndani. Nikamkubalia mama mkwe wangu, na Mutua alipoona uso wangu naye akakubali.

Mbuzi haingii chumba cha mitambo, hilo hata Hooyo alilielewa baada ya kuelezwa bei ya vitu vilivyomo. Lakini sanduku lilikuwa limefungwa kwa bolti kwenye ukuta uliotenganisha chumba hicho na chumba cha betri. "Hiyo atomu yenu inajali ukuta?" akauliza. Mutua akakiri kwamba ukuta si hoja. Basi Adey akafungwa chumba cha betri, kwenye ubaridi, kamba ndefu ya kutosha kulala na kugeuka. Hooyo alimletea maganda ya mti wa mathenge na maji kila asubuhi. Mlinzi alilalamika kwamba aliajiriwa kulinda mali ya shirika na sasa analinda mbuzi, lakini nilimwona mara kadhaa akimkuna masikio.

Wiki zikapita. Nikawa na mwenzangu wa kula naye mchana. Tumbo lake lilikua na langu likakua, nikaanza kulala vizuri.

Siku moja niliingia na chai yangu nikamkuta Adey anasaga meno. Alikuwa anazunguka, kamba imemkaba, na alipofika ukutani aliugonga kwa paji la uso kama hauoni. Nilimpungia mkono mbele ya macho, hakupepesa. Kabla ya magharibi alikuwa ametupa mimba, mapacha, sakafuni pale nilipozoea kukaa.

Niliketi chini nikalia. Nilimpa Mutua funguo zangu, naye akazipokea bila kubishana, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Hooyo alipokuja hakusema, "Nilikuambia." Alipiga magoti akamshika mbuzi kichwa, halafu akanishika mimi, na yeye pia alikuwa analia. Alikuwa ameshinda na hakuutaka ushindi huo hata kidogo. Tuliona tumechelewa, kwamba sumu imeshapita ukuta na imeshanifikia.

Lakini mfugaji hamwachi mnyama wake afe kwa sababu ana huzuni. Alimtuma mlinzi amwite daktari wa mifugo, Daktari Bare, ambaye afisi yake haikuwa mbali. Bare alikuja na mkoba wake, akamfungua Adey mdomo, akamfuta kidevu kwa kidole na kukiangalia kile kidole. Kilikuwa cheupe. Akauliza mbuzi amefungwa hapa tangu lini. Halafu akachuchumaa akaangalia rafu ya chini ya betri.

"Nani anasafisha hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Na hii ya chini umeisafisha lini?"

Nikaangalia. Vichwa vya betri za rafu ya chini vilikuwa vinang'aa kuliko nilivyowahi kuving'arisha mimi. Ukoko wote ulikuwa umeondoka, umerambwa.

"Huyu amekula risasi," akasema Bare. "Nawaona kila mara wanatoka kule gereji za malori, wanaramba betri mbovu. Wanakuwa vipofu, wanazunguka, wenye mimba wanatupa. Wanaupenda ule ukoko, una ladha."

"Si atomu?" akauliza Hooyo.

"Atomu gani?" akasema Bare. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za sanduku. Aliinua kichwa akatuangalia mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nawaza jingine. Nilikuwa naona brashi ya waya, na vumbi nililopuliza, na anjera zangu. Nikamuuliza kama mtu naye anaweza kudhurika vile. Akaangalia tumbo langu, akaangalia kucha zangu.

"Dada, mimi ni daktari wa mbuzi," akasema polepole. "Nenda hospitali sasa hivi. Na hapa usikanyage tena."

Hospitali waliniambia yale yale kwa maneno marefu zaidi. Daktari alisema hawezi kuapa ni nini kiliondoa zile mimba mbili, na sitajua kamwe. Ila hii ya tatu bado inapiga moyo, nikae mbali na lile vumbi, ninawe, nifue nguo zangu zote, nile vizuri, ninywe maziwa. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi, nikalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Kwa miaka nilidhani ni mwili wangu usiofaa, au kosa fulani ambalo Mungu analijua na mimi silijui. Kumbe huenda ni kitu chenye mlango, na mlango unaweza kufungwa. Hooyo Dahabo alikaa kando yangu akinifuta uso kwa ncha ya shuka lake. Nafuu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena, hata siku ya kustaafu, na siku ya kustaafu nililala saa kumi na mbili mfululizo.

Asubuhi yake Mutua alikuwa ameshaweka kufuli. Kazi za betri alizichukua yeye, kwa glavu na kitambaa chenye maji, na akawaleta waashi wakapanua dirisha bila kumsubiri mkubwa yeyote aidhinishe. "Miaka yote nilinawa kwa ajili ya shati," aliniambia. Mimi akanihamishia meza chumba cha mitambo. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa moja tu, pembeni ya sanduku.

Hooyo alikuja kukagua. Akaliwekea kiganja, kwa sababu lile sanduku huwa na joto, lazima lijipashe ili mvuke ubaki mvuke. Akakiacha kiganja pale kwa muda.

"Basi kaa nazo hizo atomu zako," akasema. "Lakini Adey atakaa dirishani."

Kwa sababu Adey alikuwa amepona. Bare alimnywesha chumvi ya haluli siku nyingi ili kuitoa ile risasi, akarudi kula, ila jicho moja halikurudi. Miezi yote iliyobaki nilifanya kazi nikiwa na taa ya kijani upande mmoja na mbuzi chongo upande wa pili, nje ya dirisha, akinitolea sauti kila nikisimama.

Binti yangu Hodan alizaliwa salama, analia kwa nguvu. Hooyo Dahabo alimhesabu vidole vya mikono, vya miguu, akamgeuza, akaangalia nyuma ya masikio, akaanza upya. Kisha akasema alhamdulillah na kukaa chini. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mnyama wake wa kitovu. Wenye uwezo hutoa ngamia. Abdi alirudi kutoka Kutulo akiwa ameshachagua mtamba mzuri wa ngamia, mama yake akamkatalia. Akamleta Adey. "Huyu ameshamtolea wake wawili," akasema. Mwaka uliofuata Adey alizaa mapacha, na ukoo wake mpaka leo uko nyuma ya nyumba yangu, unakula nguo kwenye kamba.

Yaliyofuata mnayajua, maana mengi tulifanya pamoja: minara, simu za mkononi, nyaya za mwanga, viongozi wapya wenye miwani mipya. Mutua alistaafu akarudi Machakos, na tukipigiana simu huuliza habari za mbuzi kabla ya zangu. Lile sanduku lilipotolewa kazini niliomba nipewe, wakanipa, kwa kuwa halikuwa na thamani kwa mtu mwingine. Liko kwenye rafu katika chumba cha wageni. Taa yake haiwaki. Kile kichupa kimo bado.

Wiki iliyopita Hodan alikuja kutoka Nairobi, ana mimba yake ya kwanza, nikamlaza chumba hicho. Hooyo Dahabo ni kikongwe sasa, haoni vizuri, anatembea kwa kushika kuta. Jioni nilimsimulia habari za Kiptoo na zile kompyuta. Alifikiri kidogo, akauliza kama mpaka leo hawajapata njia ya kuzipiga chapa. Nikasema bado. Akatikisa kichwa akaenda kulala.

Asubuhi nilisikia kelele. Hodan alikuwa amesimama dirishani na kanga, nywele zimemvurugika, anauliza nani amefunga mbuzi kwenye nondo za dirisha lake alfajiri yote hii. Nikachungulia. Alikuwa mweupe, wa ukoo wa Adey, na alikuwa na mimba. Fundo la kamba lilikuwa limefungwa mara mbili, kwa mkono usioona. Hodan alitaka kumfungua. Nikamwambia amwache hapo, nikaenda kumletea mbuzi maji.